Wamama wamekataa kupanda ghorofa ya soko na mimi ndio afisa biashara, nifanyeje?

#1 Afisa_Mgeni
Habari za jioni wakuu, niende moja kwa moja. Mimi ni afisa biashara msaidizi kwenye halmashauri ya mji mmoja huku mashariki mwa Uganda, karibu na mpaka, mji wenyewe sitautaja na naomba msiutafute. Nina miezi saba kazini. Kabla ya hapo nilikuwa nauza spea za pikipiki kwenye duka la baba mdogo kwa hiyo biashara siyo kitu nimesoma darasani tu.

Sasa. Tulijengewa soko la ghorofa, zuri kweli, vigae, mabomba, taa, picha hiyo hapo chini. Sakafu ya chini imejaa. Juu kuna mafundi cherehani wanne, dada mmoja wa saluni, na njiwa. Wamama wa nyanya, vitunguu na mukene (dagaa) wako nje barabarani wametandika kavera (plastiki), jua lao mvua yao. Wiki iliyopita tauni klaki, mtendaji mkuu wa mji, akaniita akasema wewe ndiye uchumi wetu hapa, mwisho wa mwezi nataka hao watu wako juu. Bajeti ya hiyo kazi hakuna. Pikipiki ya ofisi ipo ila mafuta iliyaona mara ya mwisho kota iliyopita.

Maswali mawili: kwa nini hawapandi, maana nimewauliza na kila mtu ana jibu lake? Na hii kweli ndio kazi ya ofisi ya biashara au nimegeuzwa askari wa enfosmenti mwenye tai?

#2 MamaMukene
Karibu kazini mwanangu. Nimeuza mukene miaka kumi na tisa, masoko matatu tofauti. Mteja wangu anatoka shamba au kwa tajiri wake saa kumi na mbili jioni, mtoto mgongoni, anataka kikombe kimoja cha mukene na fungu la nyanya, akiona ngazi anasema nitanunua kwa jirani. Halafu kuna hili ambalo nyie wa ofisini hamlioni: tukipanda ishirini na akabaki mmoja tu chini, yule mmoja anauza mali ya watu ishirini. Ndio maana hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kupanda.

#3 Kikomando_Moto
hao njiwa wana leseni ya biashara? nauliza tu kama mlipa kodi

#4 KonselaMstaafu
Kijana, nimekaa LC tatu, baraza la sabkaunti, awamu mbili, hebu nikusaidie. Ngazi ni kisingizio. Tatizo ni kwamba halmashauri zetu hazina pesa zao, zimekuwa matawi ya Kampala. Zamani tulikuwa na graduated tax, kodi ya kichwa, mtu mzima mwanaume analipa, ukikosa tiketi unalala kwa chifu, watu walikuwa wanalala migombani msimu wa msako. Ilikuwa kodi mbaya, sikatai, lakini sabkaunti ilikuwa na pesa ya kuchonga barabara bila kumwomba mtu. Ilipofutwa 2001 kila kitu kikafa. Sasa pesa zinatoka serikali kuu zikiwa zimeshafungwa kamba, hii ya walimu, hii ya dawa, hii ya barabara fulani, ukiihamisha unafungwa wewe. Ofisi ya biashara inabaki na kiti na kalenda.

#5 Fundi_Welda
Kwenye hiyo picha naona geti la bluu nyuma kule juu. Linatokea wapi?

#6 MsomaSheria
@KonselaMstaafu shikamoo mzee, sahihisho dogo. 2001 graduated tax ilipunguzwa tu, ilikuwa msimu wa kampeni. Kusimamishwa kabisa ilikuwa 2005. Na siyo kwamba hamkupewa kitu badala yake, 2008 ililetwa local service tax na kodi ya hoteli. Local service tax inaanzia elfu tano kwa mwaka kwa anayepata zaidi ya laki moja kwa mwezi na inaishia laki moja kwa wa zaidi ya milioni, inakatwa miezi minne ya kwanza ya mwaka wa fedha.

#7 KonselaMstaafu
Marahaba. 2005, sawa, uzee. Lakini hiyo laki moja kwa mwaka unamkata nani kwenye sabkaunti yenye walimu arobaini na nesi watatu? Hoteli yetu ilikuwa moja na mwenyewe alikuwa mwenyekiti wa kamati ya fedha hahaha. Na hicho kidogo ukikusanya sheria inasema sabkaunti ibaki na asilimia 65, 35 iende wilayani, kwenye hiyo 65 utoe robo ya vijiji, utoe 5 ya parishi iliyo juu ya vijiji na 5 ya kaunti. Ukimaliza kugawa unarudi nyumbani na biskuti za kikao.

#8 TiketiMkononi
Mimi niwaambie kitu ambacho hakiandikwi kwenye ripoti. Niliwahi kukata tiketi za soko miaka mitatu, chini ya bwana mmoja mwenye tenda. Ndani ya soko kila meza ina namba, iko kwenye rejesta, ukikusanya unajulikana umekusanya ngapi. Barabarani hakuna namba. Mama analipa 500 asubuhi, analipa tena mchana akija mwingine, nusu ya tiketi hazikatwi, unasema tu mama leta. Sasa wewe afisa fikiria, kuna watu wangapi ambao chakula chao cha jioni kinategemea hao wamama WASIPANDE juu? Unawafukuza kwa mkono wa kulia na ofisi yako hiyo hiyo inawapokea pesa kwa wa kushoto.

#9 Kikomando_Moto
@TiketiMkononi na wewe ulikuwa unasema "mama leta"?

#10 TiketiMkononi
Nilikuwa na miaka 22 na sikuwa nalipwa mshahara, nilikuwa nalipwa komisheni. Jibu unalo.

#11 BintiBombo
Nyote mnazunguka. Afisa, panda mwenyewe juu uhesabu makufuli. Kwetu soko lilipofunguliwa meza ziligawiwa kwa bahati nasibu mchana peupe mbele ya RDC, mwakilishi wa rais wilayani, kila mtu akapiga makofi, baada ya wiki mbili mama yangu mkubwa aliyeuza pale tangu soko la mbao hana meza na kuna mke wa mkubwa fulani ana tatu. Hauzi. Anasubiri soko lichangamke apangishe. Wamama wako hawajakataa kupanda, huenda huko juu hakuna meza yao.

#12 Afisa_Mgeni
Asanteni. @BintiBombo nimehesabu leo. Rejesta inasema meza zote za juu zimegawiwa na zina wenyewe. Vile vibanda vya shata, kumi na saba vina kufuli na vumbi. Majina nimeyaona na baadhi nayajua, tuishie hapo.

Lakini kilichonipata leo siyo makufuli. Nimeenda barabarani nimevaa shati jeupe, kosa la kwanza. Nikaongea kama robo saa kuhusu usafi, usalama wa barabara, mpango wa mji. Mama mmoja ambaye ndiye kiongozi wao akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, halafu akafunua majani juu ya sanduku la nyanya akasema afisa, mimi napanda leo leo, hili sanduku nitangulizie. Watu wakajaa. Nikabeba. Mnalijua lile sanduku la mbao, misumari imetokeza, huwezi kulikumbatia wala kuliweka begani. Ngazi ni ishirini na nane, nimezijua idadi kwa sababu ya kumi na sita nilisimama. Pale kwenye kona nyanya tatu za juu zikaruka zikashuka zenyewe ngazi kwa ngazi, moja ikaenda kusimama miguuni kwake. Akaiokota akaipangusa na kitenge akasema hii sasa haiendi kwa mteja, inaenda kwenye sufuria yangu. Akaendelea, niko na masanduku sita, na yale ya jioni yasiyouzwa nayashusha na nani?

Nikakosa la kusema. Shati nimeloweka na mke wangu anacheka hadi sasa.

#13 MamaMukene
Hahahaha mwanangu pole. Ila umebeba. Wengi wangeita askari. Huyo mama kesho atakusalimia kwanza kabla hujamsalimia.

#14 Kikomando_Moto
Ngazi ya kumi na sita iwekwe bango, HAPA NDIPO UCHUMI ULIPUMZIKA

#15 Mkadiriaji
Nafanya kazi za ujenzi, siyo kwenye soko lenu. Watu wanapenda kusema wachoraji hawakuwauliza wachuuzi. Wanaulizwa, kuna vikao na karatasi za mahudhurio. Tatizo ni kiwanja. Soko la zamani lilikuwa limetambaa, watu mia nane wamekaa chini kila mtu na mwavuli wake, ukiambiwa wote hao waingie kwenye kiwanja kile kile pamoja na choo, maegesho, chumba cha baridi na njia ya zimamoto, huna pa kwenda ila juu. Ndio hesabu ya hayo masoko ya mradi wa MATIP ambayo serikali ilijenga kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, Jinja, Mbale, Lira, Gulu, Hoima na mengine. Kawaida mchoro unapanga vitu vya maji maji chini, samaki, nyama, nyanya, na juu nguo, cherehani, saluni. Mchoro unaanguka siku ya kugawa, mwenye nguvu anachukua chini hata kama anauza mivumba (mitumba).

#16 BintiBombo
@Mkadiriaji ndio nilichosema, ila wewe umekisema kwa Kiswahili cha tenda.

#17 Dereva_Fuso
Mimi napakia nyanya na mahindi kuvuka mpaka, nina sababu ya tano au sita sijui mmefika ngapi. Mnunuzi wa Kenya haingii sokoni kabisa. Anasimamisha gari au boda kando ya barabara, injini inawaka, anapakia masanduku kumi anarudi kwao kabla foleni haijakaza. Huo mji wa afisa (najua ni upi sisemi) ukimwambia huyo mtu apande ghorofa unamwambia aende mji mwingine. Mnakumbuka Machi 2021 Kenya walipozuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, malori yalipanga mstari na siku chache baadaye wakafungua kwa masharti ya vyeti? Wale wa gunia moja moja hawakulala njaa siku zile. Walipitia wapi msiniulize. Mpaka unafundisha watu kukaa karibu na barabara na kuwa wepesi kuinuka.

#18 Jirani254
Sisi ndio hao wa injini inawaka, hamjambo. Ukweli ni kwamba hata huku kwetu kaunti zimejenga masoko na wamama wako nje. Na sisi kaunti 47 zinapewa kwa katiba angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa hiyo mzee wa #4 asiseme ni pesa peke yake.

#19 KonselaMstaafu
@Jirani254 karibu. Kama pesa mnayo na wamama wako nje basi mmeniongezea maswali badala ya kunipunguzia.

#20 Wa_Bukoba
Huku Tanzania halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani iwe mikopo bila riba, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Mama anayeuza nje unamwambia jiunge kikundi chukua mkopo njoo ndani. Kidogo anashawishika.

#21 MsomaSheria
@Wa_Bukoba si ilisimamishwa 2023?

#22 Wa_Bukoba
Aprili 2023 ilisimamishwa, vikundi hewa vilikuwa vimezidi, 2024 ikarudi kwa utaratibu mpya. Sikusema haina matatizo jamani.

#23 Parishi_Chifu
Kwa kuwa mikopo imetajwa ngoja niseme na mimi, maana mimi ndiye niko chini kabisa ya hii ngazi (siyo ile ya nyanya). Mimi ni chifu wa parishi, yaani PDM, ule mpango wa serikali wa kupeleka pesa kila parishi, ni mimi. Ilivyoanza 2021 Kampala tuliambiwa lengo ni kutoa ile asilimia 39 ya kaya inayolima ya kula tu iingie kwenye uchumi wa pesa. Kila parishi milioni mia moja kwa mwaka, kila kaya milioni moja, inapitia kwenye simu kwa pochi ya Wendi. Watu wanachagua wenyewe mradi. Kwenye parishi yangu wengi wamechagua kuku, nguruwe, na wale wa karibu na mji wamechagua "biashara ndogo ya mazao". Sasa hebu fikiria watu sitini wamepewa milioni moja moja wote wanunue nyanya kwa mkulima yule yule wauze kwenye barabara ile ile. Afisa unahangaika na ngazi wakati mimi naongeza watu wa kuweka pale nje kila kota.

#24 Bwana_Takwimu
Point nzuri ila PDM ilizinduliwa Kibuku, 26 Februari 2022, siyo Kampala 2021. Na riba ni 12.

#25 Parishi_Chifu
Kibuku sawa nimekubali. Riba ni 6 kwa mwaka bwana Takwimu, mimi ndiye naandika fomu.

#26 Kikomando_Moto
bwana takwimu amepigwa na takwimu

#27 AfandeMstaafu
Naona kila serikali ikija na jina jipya mnafikiri ni kitu kipya. Kulikuwa na mikopo ya Entandikwa miaka ya tisini. Bonna Bagaggawale. NAADS, halafu jeshi tukaingia na Operation Wealth Creation, mimi mwenyewe nimegawa miche ya kahawa kwenye gari la kijani, mingine imefika wakati wa kiangazi imekauka kwenye viriba. Emyooga 2019. Raia amejifunza kitu kimoja, pesa ya serikali ni asante ya kura, hairudishwi. Ukishaelewa hilo utaelewa kwa nini mama hakuamini ukimwambia panda juu kuna mpango. Mipango ameiona mingi na wote walioileta waliondoka yeye akabaki pale pale na kavera lake.

#28 MamaMukene
Afande na mimi niseme, siyo wote hawarudishi. Kikundi chetu cha wanawake tuna daftari la mistari, kila Jumatano, jina, kiasi, sahihi au dole gumba. Asiyekuja tunamfuata kwake tunakaa uani kimya kimya mpaka atoe, hatugombani, tunakaa tu. Pesa yetu inarudi. Ile inayotoka juu hairudi kwa sababu hakuna wa kuja kukaa uani kwako.

#29 Kaka_Kota
Niko kwenye ofisi kama ya afisa, wilaya nyingine, mwaka wa kumi na moja. Nijibu swali lake la pili maana wote mmelikimbia.

Kwenye karatasi kazi ya ofisi ya biashara ni tamu. Kusaidia ushirika na SACCO kusajiliwa, kukagua vitabu vyao, kwenda mikutano yao mikuu, kuwaunganisha wauzaji na masoko, kuwaelekeza wenye biashara ndogo wa mpakani kwamba mzigo usiozidi dola 2,000 na ukiwa kwenye orodha unavuka na cheti kile rahisi cha asili ya bidhaa bila kumtafuta wakala. Hii ya mwisho peke yake ukiifanya vizuri umeokoa watu wengi kuliko semina zote. Na sera ya uchumi wa maeneo ipo tangu 2014 inayosema halmashauri iache kungoja Kampala, itafute uchumi wake yenyewe.

Kwa vitendo siku ya kwanza unapimwa kwa kitu kimoja: umekusanya ngapi. Leseni za biashara, ada za soko. Kota ikifika mwisho hakuna anayekuuliza ni duka gani limekua, wanakuuliza mbona mapato yako chini ya makadirio. Kwa hiyo hata wewe mwenyewe unaanza kumwona mwenye duka kama ng'ombe wa maziwa, na yeye akikuona unakuja anafunga shata. Mimi nimefungiwa shata na shemeji yangu. Siku nyingine nilienda kumwambia kuna mafunzo ya bure ya utunzaji hesabu akajua nimefuata leseni, akatoroka kwa mlango wa nyuma, mafunzo akayakosa na leseni hakulipa pia.

Juu ya hapo bosi wako mkubwa CAO, mtendaji mkuu wa wilaya, tangu 2005 anateuliwa kutoka kati, sisi tunaajiriwa na kamisheni ya wilaya, madiwani wanachaguliwa na hao hao wamama. Ukiwabana wamama, konsela atakuja usiku kuwaambia msijali nimeongea na afisa. Usiku huo huo.

#30 Afisa_Mgeni
@Kaka_Kota kaka umeingia kwetu lini?? Konsela wa kata ya soko alisimama jana juu ya kreti ya soda akasema hakuna mama atahamishwa nikiwa hai. Asubuhi kwenye kamati yeye ndiye aliyesoma hoja ya kuwahamisha.

#31 KonselaMstaafu
Huyo atapita tena. Nasema kwa uzoefu.

#32 Dada_Wa_Kisenyi
Kampala tuna jina la hayo masoko ya jioni ya chini, toninyira mukange, usinikanyagie changu. Watu wanashuka kwenye teksi gizani wananunua kwa mwanga wa taa ndogo. Wenye meza ndani ya soko nao wakiona hivyo jioni wanabeba mali wanatoka nje kushindana na wa nje. Mtu mmoja ana meza ndani anaitumia kama stoo. Kwa hiyo afisa ukihesabu waliokataa kupanda usisahau kuna ambao walipanda na wakashuka.

#33 Kaka_Kota
Kweli kabisa hii. Kwetu pia.

#34 Mwalimu_Mnubi
Uzi mtamu ila naomba niulize, hivi kuna aliyejibu swali la fundi pale #5? Geti la bluu.

#35 Kikomando_Moto
mwalimu hata likizo anasahihisha madaftari

#36 Fundi_Welda
Asante mwalimu. Niliuliza kwa sababu mimi nimefunga mageti mengi ya masoko. Hilo jengo liko kwenye mteremko, angalia msingi ulivyo mrefu upande wa mbele. Upande wa nyuma ghorofa ya juu lazima iwe karibu sawa na ardhi. Geti la upana ule huliweki kwa ajili ya kutazama mandhari.

#37 Afisa_Mgeni
Wakuu. Nimetoka huko sasa hivi.

Fundi yuko sahihi. Nyuma ya soko kuna barabara ya juu, ile ya vumbi inayopita kwenye stegi ya bodaboda na kituo cha teksi za vijijini. Ukisimama pale, ghorofa ya juu iko mbele yako sawa na magoti, hakuna hata ngazi moja, kuna kijidaraja cha zege na geti la bluu limefungwa. Nina miezi saba hapa sijawahi kufika upande ule kwa sababu ofisi iko mbele. Dada wa saluni ameniambia lilifunguliwa siku ya uzinduzi tu, wageni wakapita, likafungwa.

Nimeuliza kwa nini. Msimamizi wa soko anasema geti likiwa mbili wanahitaji watu wawili wa kukata tiketi na mwenye tenda analipa mmoja.

#38 TiketiMkononi
Nilisema mimi.

#39 MamaMukene
Mwanangu, stegi ya boda NA teksi za vijijini viko upande huo? Hapo mteja wangu anashukia wapi jioni?

#40 Afisa_Mgeni
Hapo hapo mama.

#41 Dereva_Fuso
Msifurahi haraka. Wanunuzi wangu wako barabara ya mbele, ile ya lami. Mkifungua nyuma mtapata wateja wa fungu moja, wa masanduku kumi hawatajua hata kama mmefungua.

#42 BintiBombo
Na yale makufuli kumi na saba? Geti likifunguka bei ya vibanda inapanda, wenyewe watatokea siku hiyo hiyo na mikataba. Wamama watapangishwa meza walizotakiwa kupewa.

#43 Dada_Wa_Kisenyi
Au watatandika kavera nje ya geti la bluu. Barabarani tena, barabara nyingine tu.

#44 Parishi_Chifu
Na mimi kota ijayo nakuletea wengine sitini, kaa tayari

#45 Mkadiriaji
Lile daraja la zege kabla ya kupitisha watu wengi mtu aliangalie. Sijasema ni bovu. Nasema aliangalie mhandisi wa halmashauri, aandike, asaini.

#46 Kaka_Kota
@Afisa_Mgeni usilifungue kwa maneno. Andika barua kwa tauni klaki, nakala kwa mkaguzi wa ndani, sema umependekeza geti la pili kwa majaribio ya wiki mbili na mapato ya kila geti yaandikwe mbali mbali. Ukitumia neno "mapato" watasoma. Ukitumia neno "wamama" itakaa kwenye trei.

#47 Afisa_Mgeni
Nimeandika hivyo hivyo kaka, leo saa tano. Saa sita nikaitwa. Tauni klaki amesoma mbele yangu, akauliza ufunguo uko wapi. Nikasema kwa msimamizi. Msimamizi akasema uko kwa mwenye tenda. Mwenye tenda amesafiri, simu yake inaita tu. Kiongozi wa wamama ameshasikia, sijui kutoka kwa nani, amekuja na wenzake wanne wamekaa kwenye lile daraja la nyuma na masanduku mawili, wanasema hawagombani na mtu, wamekaa tu.

#48 MamaMukene
Hahaaaa. Uani.

#49 Fundi_Welda
Kufuli ni namba ngapi? Kama ni lile kubwa la shaba kwa grainda ni dakika mbili. Ila nataka barua yenye mhuri na risiti, sitaki kuitwa na askari.

#50 Kikomando_Moto
njiwa wapewe notisi ya siku saba